Bi Turudi Anastaafu, Hati Yake Iko Wapi?

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Ufuatiliaji na Tathmini atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe ishirini na nane ya mwezi huu. Sherehe itafanyika saa nane mchana katika ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, kwa kuwa ukumbi mkubwa umechukuliwa na semina ya watu wasiotuhusu. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa siku hiyo, na mwenye hamu ya kulijua atalisoma huko. Humu ofisini, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi, tunamwita Bi Turudi, naye huitika.

Nimeandika wasifu huu kwa sababu nimekuwa mhariri wa taarifa zake kwa miaka kumi na minne, na kwa sababu kila mwenzangu aliyeombwa alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Nilidhani ni kazi ya nusu siku. Mahali fulani nilitakiwa kuandika kwamba anakwenda kupumzika katika nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kidogo kidogo kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Sentensi moja tu. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha kutoandika kitu kisichothibitishwa, na nilipotaka kuthibitisha, nikakuta kwamba mwanamke aliyemaliza ujana wake akihakikisha maskini wanashika hati za ardhi zao kwa mikono yao wenyewe, ya kwake hana. Sentensi hiyo imenitoa jasho wiki tatu. Nitaifikia. Kwanza tumalize ya kazini, maana nayo si haba.

Aliajiriwa kama mhojaji, enzi ambazo shirika lilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la viatu na wahojaji walikalia maboksi ya karatasi. Akawa msimamizi wa wahojaji, kisha ofisa tathmini, kisha mkuu wa kitengo. Kazi yake, kwa wale ambao hadi leo hupita mlangoni kwake wakidhani ni stoo, ni hii: wenzetu wa miradi huenda kuwasaidia wajane, wakulima wadogo na wakazi wa mabondeni wapimiwe viwanja, wawekewe mawe ya mipaka na wapewe hati. Halafu yeye huenda nyuma yao kuuliza kama kuna lililobadilika. Watu wakiwa bado wanapiga makofi, Bi Turudi huwa ameshanyoosha mkono kuuliza swali. Si kazi ya kumpatia mtu marafiki wengi kwenye chumba cha chai.

Kufanya naye kazi kunachosha, na sioni kwa nini nilifiche hilo eti kwa sababu anaondoka. Nikiandika kwamba hali imeboreka kwa kiasi kikubwa, karatasi inarudi na penseli pembeni ikiuliza ni kiasi gani na nani alikipima. Nikiandika kwamba wanawake wamewezeshwa, inarudi ikiuliza wamewezeshwa kufanya nini. Nilipoandika kwamba jamii ilipokea mradi kwa furaha, aliniita ofisini, akaniketisha, akanitazama kwa huruma, akataka kujua jamii ni nani na furaha yake niliionea wapi. Na penseli hiyo huichomeka kwenye nywele, huisahau, kisha ofisi nzima tunainama chini ya meza kuitafuta hadi mhasibu, mtu asiye na subira hata kidogo, anapokuja kuichomoa kichwani kwake bila kusema neno.

Jina la Bi Turudi alipewa na dereva wetu. Wakienda kwenye mahojiano, kazi ikaisha, wakaagana na wenyeji, wakaondoka, gari likishafika njia panda na kila mtu ameanza kuwaza chakula cha nyumbani, huyu mama husema: "Turudi." Basi. Hatoi maelezo. Dereva alipogundua kwamba si jambo la siku moja, akaanza kujaza mafuta ya safari mbili hata kwa safari moja, na mhasibu akamwandikia barua ya onyo, na barua ya pili ya kufuta ile ya kwanza.

Sababu alitueleza mara moja tu, garini, mdomo umejaa karanga. Wageni wakija, alisema, viti huazimwa. Mwenyekiti hutoa hotuba. Mume hujibu kwa niaba ya mke, na mke hutabasamu. Wageni wakiondoka, viti hurudishwa kwa wenyewe, mume huenda kwenye shughuli zake, na yule aliyekuwa anatabasamu hubaki peke yake uani. Huyo ndiye wa kumuuliza. Kijiji kimoja kilishtukia mchezo huo, kikaamua viti visiondoke. Bi Turudi aliporudi aliwakuta wamekaa vilevile, mwenyekiti tayari ameshika karatasi ya hotuba. Akawashukuru sana, akaaga tena, akaondoka. Kwenye njia panda dereva aligeuza bila kuambiwa. Tulimkuta mwenyekiti katikati ya njia, viti vinne kichwani, akatutazama kwa uchovu ambao mimi niliuelewa kabisa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilianza na kosa lake mwenyewe. Ilikuwa kwenye makazi ya karibu na machimbo ya kokoto. Mradi ulikuwa umetoa hati kwa kila familia, wajane wameandikwa kwa majina yao, na mfadhili alikuwa njiani kuja kuufunga. Miongoni mwa viashiria vya mafanikio kulikuwa na kimoja alichokibuni Bi Turudi, kikitaka kujua ni hati ngapi zimehifadhiwa salama. Hakukibuni bure. Mradi wa kabla ya huo, hati nyingi ziliishia kuliwa na mchwa na kuloweshwa na mvua. Safari hii watu waligawiwa mifuko ya plastiki na kuhimizwa watafute mahali pa uhakika. Watu wakatii. Kila ukoo ulimchagua mwanamume mmoja mwaminifu mwenye sanduku la bati na kufuli, na hati zote za ukoo zikaingia humo. Wahojaji wetu walifika, wakaomba kuziona, sanduku likafunguliwa, hati zikaonekana, kavu na safi. Zote. Nilichora mimi mwenyewe ule mchoro wa taarifa, duara la kijani tupu, na nikaona umependeza.

Halafu gari likageuka. Tulimkuta fundi cherehani mmoja, mjane, anafunga mashine yake kwa kamba. Asubuhi shemeji yake alikuwa ametuonyesha hati ya kiwanja cha huyo mama na kutujibia maswali yote vizuri sana. Tulipoondoka alimweleza kwamba ameelewana na mtu mmoja mwenye malori, kiwanja kitamwagiwa kokoto, na fundi atapewa chumba nyuma ya jiko. Hati ilikuwa na jina la fundi kama tulivyohangaika iwe. Ilikuwa sandukuni, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa shemeji. Fundi hakutuomba msaada wowote. Alituuliza kwa upole kama kuna kitu tumesahau.

Tukafika mjini. Bi Turudi akasema kwamba aliwaza mchwa, aliwaza mvua, aliwaza panya, shemeji hakumuwaza. Kesho yake, kwenye kikao, mbele ya mfadhili, taarifa ikiwa imeshachapwa kwa jalada linalong'aa, alisimama akasema kiashiria kile ni chake, ni cha kipuuzi, na duara lile la kijani halina maana. Mkurugenzi alitazama dari. Mfadhili akauliza kwa adabu kama jambo hilo haliwezi kuwekwa kwenye tanbihi. Bi Turudi akasema haliwezi, kwa sababu mama anafunga mashine yake. Ufungaji wa mradi ukaahirishwa msimu mzima, taarifa ikaanza upya, na mimi kwa wiki nzima niliwasiliana naye kwa vikaratasi.

Badala ya kile kiashiria aliweka ombi moja, ambalo wahojaji wetu wote wanalijua kwa moyo: tafadhali tuletee hati yako tuione. Baada ya hapo ni kukaa kimya. Mwenye hati akiinuka, akaingia chumbani kwake, akatoka nayo, anawekewa alama. Akimtuma mtu, akimsubiri mtu, akisema iko mahali fulani na ni salama, hawekewi alama hata kama hati italetwa na msafara. Mhojaji haruhusiwi kusaidia wala kukohoa. Nimekaa kimya juu ya magogo, juu ya ndoo zilizopinduliwa na mara moja juu ya mbuzi aliyekuwa amelala, nikisubiri. Kwa kipimo hicho, lile duara langu la kijani lilibaki theluthi moja.

Mwanasheria wa mradi alirudi kule machimboni akafuatana na wenye hati, mmoja mmoja, hadi kwenye masanduku. Shemeji alilalamika kwamba amedhalilishwa, kwamba yeye ndiye aliyezikinga na mvua, na tukubali kwamba hapo alisema kweli. Lakini malori yalikwenda kumwaga kokoto kwingine. Hati ya fundi sasa iko ndani ya droo ya cherehani, pamoja na sindano na vifungo. Ombi lile la Bi Turudi limeigwa na mashirika mengine, wala halitaji jina lake. Yeye hajali. Mimi najali, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Sasa twende kwenye ile sentensi yangu.

Tuna desturi hapa ofisini kwamba anayestaafu hunywa chai na kitengo chake wiki chache kabla, na siku hiyo hutaniwa kwa zana zake mwenyewe. Mpokezi aliyestaafu mwaka juzi tulimweka kwenye benchi akasubiri hadi chai ikapoa. Bi Turudi ilikuwa lazima ahojiwe. Nilijipa mimi nafasi yake, nikachomeka penseli kwenye nywele, nikamketisha kwenye kiti kifupi, nikaanza na dodoso. Alikuwa mhojiwa mkorofi kweli kweli. Alilalamika kwamba maswali ni marefu, akasema watu kama sisi tulikuja mwaka jana na hakuna alichokiona, akauliza kama kuna posho. Watu walikuwa wanashika mbavu. Nikafika kwenye lile ombi, nikaiga sauti yake: tafadhali tuletee hati yako tuione.

Akacheka, akafuta machozi, akasema hati hatembei nayo mkobani. Nikasema tutasubiri. Akasema iko nyumbani. Nikanyamaza, kama alivyonifundisha. Akasema iko kwa kaka yake mkubwa, yeye ndiye anayezitunza za ndugu wote tangu baba alipofariki. "Iko salama," akamalizia.

Hakuna aliyecheka tena. Mhasibu alitazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimezama. Nilitamani kuichomoa ile penseli nisionekane nayo.

Siku zilizofuata zilinimaliza nguvu kabisa. Nilimwambia kwa heshima kwamba aende akaichukue. Akasema kaka yake ni mwaminifu. Akasema hataki ugomvi. Akasema kumwomba itakuwa kama kumwita mwizi, na kwamba ukoo utasema kazi ya mjini imempanda kichwani. Majibu hayo yote tunayo kwenye mafaili, tumeyasikia kwa wajane na mabinti miaka na miaka, na aliyeyapanga kwa makundi na kuyapa namba ni yeye. Nikamwambia hilo jibu la ugomvi ni namba tatu. Akaniambia nitoke ofisini kwake. Na haikuwa mzaha, kwa sababu akiba yake yote imezikwa kwenye ile nyumba, hana nyingine, na wale wapwa zake, watoto wa kiume wa kaka, wamekuwa watu wazima na wameanza kukiita kiwanja hicho "upande wetu". Hilo alilisema mwenyewe, kwa sauti ya chini, siku aliyoniruhusu kuingia tena.

Jumamosi tulikwenda, yeye, dereva na mimi. Kaka mtu alitupokea vizuri, shati jeupe limepigwa pasi, soda baridi mezani. Alijua tunakuja. Akafungua kabati, akatoa faili, akaonyesha hati. Jina la dada yake lilikuwepo, safi, kavu. Bi Turudi aliitazama, akashukuru, kaka akaifunga faili akairudisha kabatini. Tukaongea habari za magoti na bei ya saruji, tukaaga, tukapanda gari. Nilikuwa kiti cha nyuma na nilitaka kupiga kelele. Miaka thelathini na moja, na ametembelewa kama tunavyotembelea wengine, akaonyeshwa kama wanavyoonyesha wengine, na ameshukuru.

Tukapita mashine ya kusaga, tukapita shule, tukafika njia panda. Dereva alipunguza mwendo kwa mazoea. Bi Turudi alikuwa anatazama nje ya dirisha. Dereva akasimamisha gari, akazima injini kabisa, na bila kugeuka akasema kwamba mafuta yapo ya safari mbili, kama siku zote. Tukakaa. Mimi sikukohoa.

"Turudi," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Tulimkuta kaka yake peke yake kwenye ngazi ya mlangoni. Shati jeupe alikuwa ameshalivua, amebaki na fulana, na ile faili ilikuwa magotini kwake, ameitoa tena. Bi Turudi hakwenda kukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye ngazi, pembeni yake, akamwambia kwamba anamwamini na kwamba amekuja kuichukua hati yake. Mzee alipapasa pembe za faili. Kisha akasema hajawahi kufikiria kuchukua hata hatua moja ya ardhi ya mtu. Ila tangu baba aondoke, ndugu wametawanyika, na huja kwake wanapotaka kuonyesha hati mahali fulani, au kuirudisha. Hawaji kwa lingine. "Mkishazichukua," akasema, "mtakuja kufuata nini?"

Dereva alikwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mimi nililia, na sioni haya kuandika.

Bi Turudi akamkumbusha kwamba anastaafu mwezi huu. Mlango wa nyumba yake unatazama ua huu huu. Atakuwa anakuja kila asubuhi, atamuuliza maswali hadi amchoke, na kama haamini kwamba inawezekana kumchoka, aulize ofisini. Alininyooshea kidole mimi. Nikathibitisha. Mzee akacheka, akawaita wanawe, wakasimama pale wakifuta mikono, akawaambia hati hii ni ya shangazi yenu na kiwanja ni cha shangazi yenu, na mtu asije akasema hakusikia. Kisha akaitoa kwenye plastiki yake akampa dada yake mkononi.

Jumatatu asubuhi, kwa kufuata utaratibu, nilikwenda kusimama mlangoni kwa Bi Turudi nikamwambia: tafadhali tuletee hati yako tuione. Akainuka bila kujibu, akaingia katikati ya maboksi aliyokuwa anafunga, akapekua, akagombana na kamba, akatoka nayo mwenyewe. Nilimwekea alama kwa penseli niliyoichomoa kichwani kwake. Kwa hiyo sasa naweza kuandika, na imethibitishwa, kwamba anakwenda kupumzika katika nyumba yake mwenyewe. Amesoma rasimu hii, na pembeni ya neno kupumzika ameandika: nani kasema?

Bi Turudi, kwa niaba ya wahojaji uliowakataza kukohoa, dereva aliyekula vumbi la barabara moja mara mbili, Mkurugenzi na dari yake, fundi cherehani aliyeshona gauni utakalolivaa Ijumaa na akakataa kupunguza mshono hata mmoja, na mhariri ambaye hataandika tena maneno "kwa kiasi kikubwa" maisha yake yote: ahsante. Umetuchosha, na tunakupenda. Maisha mema yakukute nyumbani kwako, kaka yako akiwa jirani na afya ikiwa tele. Tutakuja kukutembelea. Najua utaazima viti, utatuambia kila kitu ni kizuri, nasi tutatabasamu, tutaaga na kuondoka. Ukisikia gari limezima pale njia panda, usihangaike kurudisha viti.